Maswali ya jikoni: Croque-monsieur kwa mpishi wa ugali

Barua nyingi za safari hii zimeangukia chakula kimoja, nasi tumeona tuzijibu pamoja. Majibu marefu ni ya wale waliouliza mambo yanayoharibu chakula chenyewe. Mengine tumeyapitia kwa haraka.

Mimi ni mtu wa ugali, samaki wa kupaka na mchicha. Sandwichi kwangu ni mkate na siagi, basi. Juzi nilialikwa kwa watu nikalishwa croque-monsieur, na tangu siku hiyo sina raha. Nina jiko la gesi na oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani. Nipeni vipimo kamili vya watu wanne. (Msomaji, Tanga)

Croque-monsieur ni sandwichi ya moto ya mikahawa ya Ufaransa, na mikahawa ya Paris ilikuwa ikiiuza tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni slesi mbili za mkate, ndani kuna nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na jibini, juu kuna sosi nyeupe ya maziwa na jibini jingine, kisha inapigwa moto wa juu mpaka uso utoe madoa ya kahawia. Ina siagi, ina maziwa, ina jibini juu na ndani. Wanaojaribu kuifanya nyepesi kwa kupunguza hiki na kile huishia na mkate uliolowa. Ipike mara chache, lakini siku ukiipika, ipike kamili.

Kwa watu wanne andaa slesi 8 za mkate mweupe. Siagi gramu 70, ambapo 40 ni za sosi na 30 za mkate. Unga wa ngano gramu 40, yaani vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa. Maziwa yasiyopunguzwa mafuta mililita 400. Jibini gramu 200 likwaruzwe na gramu 50 nyingine za kutia kwenye sosi. Nyama slesi 8 nyembamba, kiasi cha gramu 200. Haradali ya kupaka vijiko vinne vya chai. Kungumanga, pilipili manga na chumvi kidogo. Kungumanga nunua nzima, ukwaruze mwenyewe. Ya unga iliyokaa dukani imeshapoteza harufu, na sosi nyeupe bila harufu hiyo ni maziwa mazito tu.

Mkate ndio wa kwanza. Washa oveni nyuzi 200, panga slesi juu ya waya na si juu ya trei, ziache dakika tatu, zigeuze, dakika mbili tena. Hutafuti rangi hapa. Unataka uso wa mkate uwe mkavu ukiugusa huku ndani ukiwa bado laini. Zitoe na uziache zipoe zikiwa zimesimama, kwa sababu slesi ya moto ikilazwa mezani hutoa mvuke upande wa chini na kulowa upya. Zikipoa, paka siagi laini upande mmoja wa kila slesi, nyembamba lakini ifike mpaka pembeni. Siagi hiyo ndiyo itakayozuia maji ya sosi na ya nyama yasizame ndani ya mkate.

Sosi sasa. Bandika sufuria yenye kitako kizito kwenye moto mdogo, utie siagi gramu 40. Ikiyeyuka na povu likaanza kutulia, mimina unga wote mara moja na ukoroge kwa mwiko dakika mbili. Harufu ya unga mbichi itageuka kuwa ya biskuti; rangi isibadilike. Epua, tia robo ya maziwa yakiwa ya uvuguvugu, koroga kwa nguvu. Mchanganyiko utakaza ghafla na kuachana na sufuria. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukishalainika kabisa tia robo ya pili, ukilainika tena, yaliyobaki yaingie kwa mara mbili. Rudisha motoni, koroga mpaka ichemke, kisha punguza moto itokote dakika sita huku mwiko ukipita kitakoni na kwenye kona za sufuria, maana huko ndiko inakoanzia kushika.

Dakika hizo sita usizikate. Wanga wa ngano haukazi vya kutosha mpaka joto likaribie kuchemka, na ladha ya unga mbichi haiondoki kwa kupasha moto tu. Kupima uzito wake, chovya mwiko, uutoe, kisha chora mstari kwa kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi na kingo zake hazitiririki, sosi imefika. Epua, subiri dakika moja, tia jibini gramu 50, pilipili manga, na kungumanga iliyokwaruzwa kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Chumvi onja kwanza ndipo utie. Nyama ina chumvi na jibini lina chumvi, na mara nyingi sosi hii haihitaji hata chembe.

Kupanga kwake: slesi ya chini, upande wenye siagi uangalie juu, paka haradali kijiko kimoja cha chai, tandaza sosi kijiko kimoja na nusu cha chakula, weka slesi mbili za nyama, nyunyiza jibini gramu 25. Funika kwa slesi ya pili, siagi ikitazama ndani. Jibini linakaa karibu na slesi ya juu ili likiyeyuka liishikishe, isiteleze wakati wa kukata. Juu ya sandwichi weka sosi vijiko vinne vya chakula na uisambaze mpaka kwenye ukingo kabisa. Sehemu ya mkate iliyoachwa wazi, hata upana wa kucha, itaungua kabla uso haujaiva. Malizia kwa jibini gramu 25.

Oka nyuzi 200 katikati ya oveni dakika nane hadi kumi, mpaka sosi itokote pembeni. Kisha washa moto wa juu peke yake dakika mbili au tatu, usimame hapohapo. Oveni za mezani zina waya wa moto karibu sana na chakula, na kutoka kahawia hadi nyeusi ni nusu dakika. Ikitoka, iache dakika tatu kabla ya kukata. Ukikata mapema, sosi yote hukimbilia kwenye sahani.

Sosi yangu imetoka na madonge, halafu ina ladha ya unga. Nilipoweka cheese ikaachia mafuta juu. Nilitumia majarini. Ni majarini ndiyo mbaya? (Msomaji, Eldoret)

Majarini haina hatia ya madonge. Madonge hutokea unga unapokutana na maziwa ya moto kabla haujavishwa mafuta vizuri. Ukiyamwaga maziwa yote kwa pamoja juu ya moto mkali, nje ya kila donge hupikwa papo hapo na kuwa utando usiopitisha maji, na ndani unabaki unga mkavu ambao kukoroga hakuufikii. Ndiyo maana tunasema epua, tia robo, lainisha, ndipo uendelee. Sababu ya pili ni unga kuzidi mafuta. Vipimo vya gramu 40 kwa 40 vinafanya kila chembe ipate mafuta yake. Anayepima unga kwa kijiko kilichojaa mlima huweka karibu mara mbili bila kujua.

Madonge yakishatokea, usihangaike kuyaponda kwa mwiko. Chuja sosi kwa chujio la chai, ukisukuma kwa mgongo wa kijiko, au isage kwenye blenda sekunde kumi, kisha irudishe motoni itokote ile dakika sita. Hapo hapo ladha ya unga nayo itaondoka.

Mafuta yaliyoelea ni ya jibini. Uliliweka sosi ikichemka. Jibini likipata joto kali protini zake hujikunyata na kuyatema mafuta. Epua kwanza, acha kutokota kukome, ndipo utie jibini kwa mafungu mawili. Ikishaachia mafuta, tia maziwa baridi vijiko viwili vya chakula nje ya moto, upige kwa nguvu kwa waya wa kupigia mayai. Mara nyingi hurudi.

Kuhusu majarini yenyewe: ya kupikia, ile ngumu, itakaza sosi sawasawa, ila ladha ya siagi hutaipata, na katika chakula chenye vitu vichache hivi utaikosa. Ile laini ya kupaka iliyopunguzwa mafuta usiitumie kabisa, kwani sehemu kubwa yake ni maji na unga hautavishwa. Ukiwa na samli nzuri ya ng'ombe, hiyo inapita zote mbili. Tumia gramu 33 badala ya 40, kwa kuwa siagi ina maji ndani yake na samli haina. Samli pia haiungui haraka, kwa hiyo ni bora kwa kukaanga mkate.

Sosi ikiwa nyepesi hata baada ya kutokota, kanda siagi laini kijiko kimoja cha chai na unga kijiko kimoja cha chai mpaka viwe kitu kimoja, tupia vipande vidogo ndani ya sosi inayotokota, koroga, acha dakika tatu. Unga mkavu usinyunyize kamwe.

Hatuna oveni, tuna jiko la mkaa. Tumeambiwa chakula hiki bila oveni hakiwezekani. Ni kweli? (Wasomaji wawili, Pemba)

Si kweli, na nyinyi wa Pemba mnao ufundi wenyewe mikononi. Uso wa croque-monsieur unataka moto wa juu, na mkate wa kumimina huivishwa vivyo hivyo: mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Mwenye kujua kupalia moto juu ya mkate wa kumimina asihangaike kutafuta oveni. Uso unaotoka kwenye mkaa huwa na madoa mazuri kuliko ule wa oveni nyingi za mezani, kwa kuwa bati lililobeba makaa hutoa joto kali la moja kwa moja.

Tumieni sufuria pana yenye kitako kinene na mfuniko bapa wa bati usio na kishikio cha plastiki. Kina chake kiwe cha kutosha kuacha sentimita nne au tano kati ya jibini na mfuniko. Nafasi ikipungua, jibini huvimba na kugusa bati, ukifunua uso wote unaondoka na mfuniko. Ikizidi sana, mkate wa chini utakauka kabla juu hakujapata rangi.

Mkaa uwe umeshika wote na kuvaa jivu la kijivu. Mkaa mweusi nusu hutoa moshi, na jibini hunywa moshi haraka. Bandikeni mfuniko peke yake pembeni na makaa juu yake dakika tano ili upate moto kabla ya kuanza. Wakati huo kausheni slesi kwenye sufuria kavu, dakika mbili kila upande kwenye moto mdogo, mpange sandwichi kama tulivyoeleza juu. Pakeni siagi kidogo chini ya sandwichi, zilazeni mbili mbili, zisibanane. Gaweni makaa: fungu moja chini, mafungu mawili juu, na ya juu yatandazwe zaidi pembezoni kuliko katikati.

Dakika ya nne inueni mfuniko kwa koleo, ukiwa umelala sawa ili jivu lisiingie. Uso ukiwa umeyeyuka lakini mweupe, rudisheni na mpepee makaa ya juu kidogo. Kwa kawaida huwa tayari kati ya dakika ya sita na ya nane. Chini kukianza kunukia kuungua huku juu hakuna rangi, ondoeni sufuria motoni kabisa, iwekeni juu ya matofali, juu kuendelee. Sehemu ya chini imeshaiva.

Na hili tunalisisitiza: kazi hii ifanyike nje, au jikoni penye madirisha wazi. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua.

Huku kwetu jibini la Goma linapatikana, lakini majina ya Kifaransa na Kiswisi kwenye mapishi hatuyaoni sokoni. Tutumie lipi? (Msomaji, Bukavu)

Tumieni hilo la Goma, bila kusitasita. Jibini hilo, linalotengenezwa kwenye milima ya Masisi karibu na Goma, ni la aina ya nusu-gumu, linakatika bila kusambaratika, linayeyuka sawasawa na halitoi maji. Wafaransa hutumia Gruyère, Emmental au Comté, ambazo zina utamu wa karanga na umri mkubwa zaidi. La Masisi ni pole zaidi, kwa hiyo chagueni gurudumu lililokaa, lenye ngozi iliyokauka na rangi iliyokolea, na muongeze haradali kidogo. Rwanda kuna gouda ya Gishwati, Kenya gouda na cheddar zipo maduka mengi, na Tanzania kuna jibini za mtindo wa Kiitalia zinazotoka Njombe.

Gouda ya miezi michache ndiyo chaguo letu la kwanza Afrika Mashariki. Cheddar iliyokomaa ina ladha kali nzuri, ila peke yake hutoa mafuta. Changanyeni nusu kwa nusu na gouda au mozzarella. Mozzarella peke yake ina maji na ladha ndogo, mtapata nyuzi ndefu za kupendeza machoni na kinywani hakuna kitu. Zile slesi za plastiki zilizofungwa moja moja zimetiwa chumvi za kuyeyusha, kwa hiyo hulainika vizuri ndani ya sandwichi, lakini juu hazitoi ukoko. Lililokwaruzwa tayari kwenye pakiti hunyunyizwa wanga lisigandane. Hufaa, ila huchelewa kuyeyuka.

Kuna aina moja isiyofaa kabisa, nayo ni jibini la nyumbani linalogandishwa kwa limau au siki. Halijaharibika, lakini halikuumbwa kuyeyuka. Asidi huondoa kalisi inayozifanya protini zilegee pamoja kwenye joto, na zinabaki chembechembe hata ukizichoma mpaka kesho. Feta na paneer ni vivyo hivyo.

Assalaam aleikum. Sisi tuko Muscat, na nyama ya asili ya sandwichi hii ni ya nguruwe. Tuweke nini ili ladha isipotee? (Msomaji, Oman)

Waaleikum salaam. Kazi ya nyama hapa ni kuleta chumvi na moshi katikati ya maziwa na siagi. Kinachoweza kufanya hivyo kinafaa. Chaguo bora ni nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kuvutishwa moshi, ikatwe nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ya pili ni bata mzinga wa moshi, ambaye huko mliko madukani yupo. Nyama ya pakiti huwa na maji mengi, basi ilaze kwenye karatasi ya jikoni, ifunike kwa nyingine, ibonyeze, ikae dakika kumi. Utashangaa maji yanayotoka, na yote hayo yangeishia kwenye mkate.

Kuku wa nyumbani pia anawezekana. Kidari kimoja cha gramu 250, maji lita moja, chumvi gramu 50, kiloweke kwenye friji saa mbili, kikaushe, kikaange na samli kidogo, kikipoa kabisa kikate slesi za milimita tatu. Kikiwa cha moto kitachanika. Kuku hana moshi, kwa hiyo muongezee paprika ya moshi robo kijiko cha chai kwenye haradali.

Soseji iliyokatwa vipande hatuishauri. Hubingirika, huacha nafasi za hewa, na mafuta yake hushuka kwenye slesi ya chini.

Msisahau kuangalia na jibini. Baadhi hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama. Anayejali hilo atafute pakiti yenye alama ya halali au iliyoandikwa kuwa kimeng'enya chake si cha mnyama.

Naishi chumba kimoja, nina meko na kikaango tu. Hakuna oveni, hakuna mkaa. (Msomaji, Nairobi)

Hata Ufaransa wapo wengi wanaoipika kwenye kikaango bila sosi ya juu. Panga mkate, haradali, jibini gramu 25, nyama, jibini gramu 25, mkate. Sosi, ukiitaka, iwe kijiko kimoja cha chakula ndani, na iwe baridi. Paka samli nje pande zote mbili, kaanga kwa moto mdogo dakika nne kila upande, mfuniko ukiwa umefunika nusu ya kwanza ili jibini liyeyuke, kisha ufunuliwe ili mkate ukauke.

Mkate wa slesi wa madukani kwetu una sukari, kwa hiyo hushika rangi upesi. Ukiona umeiva rangi kabla ya dakika tatu, moto wako ni mkubwa na jibini la katikati bado ni gumu. Ukipata mkate ambao haujakatwa, ununue, ulale siku moja, ukate mwenyewe unene wa sentimita moja na nusu.

Ukitaka na ule uso wa jibini, upate kutoka chini. Sandwichi ikiwa tayari, iinue. Kwenye kikaango kisichoshika nyunyiza jibini gramu 30 moja kwa moja, kwa umbo la slesi, uilaze sandwichi juu yake. Usiiguse. Kwanza utasikia jibini likitoa maji yake kwa kelele, kisha kelele zitapungua na kingo zitakuwa kahawia. Hapo, baada ya dakika moja na nusu hadi mbili, tikisa kikaango. Sandwichi ikiteleza yenyewe, ukoko umeshika, igeuze juu chini kwenye sahani. Ikiwa imenata, bado. Ukilazimisha kwa kijiko utauchana.

Kwa kifupi

*Naweza kutumia tui badala ya maziwa? (Msomaji, Lamu)* Hapana, si kwa hiki. Ladha ya nazi hulifunika jibini. Maziwa ya unga yanafaa: gramu 50 kwa maji mililita 400. Maziwa ya kopo yenye sukari yakae kwenye chai.

*Ile yenye yai juu ni nini? (Msomaji, Arusha)* Ni croque-madame. Kaanga yai kwa moto mdogo na siagi, ute ushike kabisa na kiini kibaki laini, uliweke juu sandwichi ikishatoka motoni. Ukilioka pamoja nayo, kiini kitakuwa kigumu na kupoteza kazi yake ya kuwa sosi. Mjamzito na mtoto mdogo wapewe lililoiva lote.

*Tule na nini? (Msomaji, Kampala)* Kachumbari, na si ya sukari. Vitunguu, nyanya zilizotolewa mbegu, limau na pilipili. Chakula chenye mafuta hivi kinataka ukali wa limau pembeni, na chipsi zitakulemea tu. Sandwichi moja inamtosha mtu mzima.

*Nina wageni kumi, nifanye mapema? (Msomaji, Dodoma)* Kausha mkate na upike sosi asubuhi. Bandika karatasi ya plastiki ikigusa uso wa sosi isifanye utando, ukaiweke kwenye friji. Saa moja kabla ya kula itoe, ilainishe kwa waya na maziwa kijiko kimoja ikiwa imekaza mno, upange sandwichi wakati huo na si kabla. Zilizopangwa tangu asubuhi zitalowa hata ukipaka siagi. Sosi ikiwa ya baridi, ongeza dakika tatu kwenye kuoka. Kumi hazitaingia mara moja kwenye oveni ndogo, basi oka nne nne na uwape wageni zikitoka, kwani zikisubiriana chini ya foili mvuke utalainisha uso wote.

*Iliyobaki nipashe vipi? (Msomaji, Mwanza)* Kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo kabisa, dakika saba. Maikrowevu huufanya mkate uwe mgumu na jibini kuwa mpira. Sosi iliyobaki hukaa friji siku tatu. Ipashe na maziwa kidogo, uimimine juu ya makaroni yaliyochemshwa au koliflawa.